Usumbufu: Neno moja, maana nyingi mbele ya sheria

NENO "usumbufu" ni miongoni mwa maneno yanayosikika mara kwa mara mjini Bariadi na katika vijiji vya Mkoa wa Simiyu. Huandikwa kwenye matangazo ya kukatika kwa umeme na maji, husomwa kwenye vibao vya barabara zinazojengwa, na hutajwa na watumishi wa umma wanaofuatilia malipo yao ya uhamisho.

Katika matangazo mengi neno hilo huambatana na maombi ya radhi. Kwa sababu hiyo, wananchi wengi wamezoea kuamini kwamba usumbufu ni jambo la kuvumiliwa, na kwamba anayesumbuliwa hana la kufanya zaidi ya kusubiri.

Mbele ya sheria, hali ni tofauti. Katika nyaraka fulani usumbufu ni haki ya malipo yenye hesabu yake. Katika nyaraka nyingine ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Katika nyingine ni sababu ya kuwanyima wafanyakazi haki ya kugoma, na mahali pengine ni jambo ambalo Serikali hulitambua lakini haikubali kuliita deni.

Hakuna sheria moja nchini inayotoa maana moja ya neno hilo itumike kila mahali. Kila sheria hulipa maana kulingana na kusudi lake. Mwananchi anayekwenda kudai haki akiwa na maana ya sheria moja, huku ofisi aliyoiendea ikitumia maana ya sheria nyingine, hurudi mikono mitupu ingawa kero yake ni ya kweli.

Chanzo kimojawapo cha mkanganyiko ni lugha. Kwa miaka mingi sheria za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, na lugha hiyo ina maneno kadhaa tofauti kwa ajili ya kuhamishwa, kukatiziwa huduma, kukerwa, kubughudhiwa na kuvurugiwa amani. Yalipotafsiriwa katika mazungumzo na barua za ofisini, mengi yao yaliangukia katika neno moja la Kiswahili. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, hatua inayoongeza umuhimu wa kuyatofautisha maneno hayo.

Ardhi inapotwaliwa

Eneo linalowagusa wakazi wengi wa Simiyu ni ardhi. Mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana hasa na Mkoa wa Shinyanga, ulikuwa na watu 2,140,497 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022. Wengi wao ni wakulima wa pamba na mazao ya chakula, na wafugaji.

Tangu kuanzishwa kwake, mkoa umeshuhudia ujenzi wa barabara ya lami kati ya Lamadi, Bariadi, Maswa na Mwigumbi, pamoja na ofisi za wilaya mpya za Busega na Itilima. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341 na ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2021, inapita Malampaka wilayani Maswa. Upo pia mradi mkubwa wa kutoa maji Ziwa Victoria.

Miradi ya aina hiyo huhitaji ardhi, na ardhi hiyo kwa kawaida ina mtu. Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Sheria hizo zinataka mtu ambaye ardhi yake inatwaliwa kwa manufaa ya umma alipwe fidia iliyo kamili, ya haki na kwa wakati.

Kabla ya hapo, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilijali zaidi kile kilichokuwa juu ya ardhi, yaani nyumba na maendelezo mengine. Ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani ya kulipwa. Sheria za mwaka 1999 zilibadili msimamo huo kwa kutambua kuwa ardhi yenyewe ina thamani, na kwamba kuondolewa kwenyewe ni hasara inayostahili malipo ya peke yake. Malipo hayo ndiyo yanayoitwa posho ya usumbufu.

Kanuni za mwaka 2001 kuhusu ukadiriaji wa thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia zinaeleza namna ya kuipata. Thamani ya ardhi iliyothaminiwa huzidishwa kwa wastani wa asilimia ya riba inayotolewa na benki za biashara kwa amana ya muda maalumu wa miezi 12, kwa wakati ambao mhusika anapoteza haki yake katika ardhi hiyo.

Kwa mfano wa hesabu tu, kama mali imethaminiwa kuwa Sh 20,000,000 na wastani wa riba ni asilimia 8, posho ya usumbufu ni Sh 1,600,000. Kama mali imethaminiwa kuwa Sh 2,000,000, posho inakuwa Sh 160,000.

Mfano huo unaonyesha jambo ambalo wananchi wengi hulilalamikia bila kujua linatoka wapi. Kanuni haipimi uchovu, siku za kazi zilizopotea, watoto waliobadili shule wala umbali wa kisima kipya. Inapima thamani ya mali pekee. Familia ya nyumba ya udongo na familia ya nyumba ya matofali ya saruji zinaweza kuhangaika sawasawa, lakini mmoja akalipwa mara kumi ya mwenzake.

Sheria haikuishia kwenye posho hiyo. Yapo malipo mengine matatu ambayo kwa lugha ya kawaida ni sehemu ya usumbufu, lakini kisheria yanasimama yenyewe.

La kwanza ni posho ya makazi, ambayo ni kodi ya pango ya soko kwa mwezi ikizidishwa kwa miezi 36. La pili ni fidia ya kupoteza faida kwa mwenye biashara, ambayo ni faida halisi ya mwezi ikizidishwa pia kwa miezi 36, na huthibitishwa kwa hesabu za biashara. La tatu ni posho ya usafiri, ambayo ni gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 kwa reli au barabara ndani ya kilomita 20 kutoka mahali mtu anapohamishwa.

Malipo hayo matatu hayatolewi kwa ardhi isiyokaliwa. Hii ndiyo sababu mwenye shamba la pamba lisilo na nyumba hukuta karatasi yake ya uthamini haina safu ya makazi wala ya usafiri, wakati jirani yake mwenye nyumba anazo.

Muda nao una uzito. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ukipita muda huo, anayedai anastahili riba. Ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini huo hupoteza nguvu na hulazimu kufanywa upya.

Kwa mkulima aliyezuiwa kuendeleza eneo lake huku akisubiri, tofauti kati ya tarehe hizo si ndogo. Anayeijua tarehe ya kuidhinishwa kwa uthamini anaweza kudai riba kwa hoja ya sheria. Asiyeijua hubaki kuulizia tu fedha zitatoka lini.

Barabara na alama ya X

Katika barabara kuu, swali la nani amesumbuliwa hutegemea nani alitangulia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara.

Upanuzi huo ulizaa makundi mawili. Wapo walioifuata barabara, yaani waliojenga ndani ya hifadhi ya zamani. Hao kisheria ni wavamizi, na kuvunjiwa kwao hakuhesabiwi kuwa usumbufu wa kulipwa. Wapo pia waliofuatwa na barabara, yaani waliokuwa nje ya mita 22.5 na wakajikuta ndani ya mita 30. Hao wanastahili fidia pale eneo lao linapohitajika.

Alama za X zilizopakwa kwenye kuta kando ya barabara nchini zilitokana na tofauti hiyo. Nyekundu ilimtaka mwenye nyumba aondoke bila malipo. Ya kijani ilimwambia kwamba yumo ndani ya eneo lililoongezwa. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kuvunjwa wiki moja, moja ikalipwa na nyingine isilipwe, kwa sababu ya mita saba na nusu.

Makaburi na matambiko

Katika jamii ya Wasukuma, kama ilivyo kwa jamii nyingine nyingi nchini, makaburi ya wazee mara nyingi huwa karibu na kaya. Mradi unapopita hapo, unayagusa pia makaburi hayo.

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu makaburi yahamishwe pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Fidia yake haifuati thamani ya ardhi wala riba ya benki. Imewekewa mpaka kwenye gharama za msingi za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na kujenga kaburi, pamoja na gharama za matambiko au ibada nyingine inayoambatana na shughuli hiyo.

Ni miongoni mwa sehemu chache ambapo sheria za nchi hutaja waziwazi kwamba kuna usumbufu wa kiroho. Hata hivyo, inalipa gharama ya kuutuliza tu, na haijaribu kuupangia thamani huzuni wenyewe.

Mtumishi anapohamishwa

Simiyu ulipoanzishwa ulihitaji watumishi. Walimu, waganga, wahasibu na maofisa wengine walihamishiwa Bariadi, Lagangabilili, Nyashimo, Mwanhuzi na Maswa kutoka mikoa mingine. Kwao, neno usumbufu lina maana ya tatu.

Kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, mtumishi anayehamishwa na mwajiri hulipwa posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wake wa msingi wa mwaka. Mwenye mshahara wa Sh 700,000 kwa mwezi ana mshahara wa mwaka wa Sh 8,400,000, hivyo posho yake ni Sh 840,000. Malipo ya nauli, mizigo na posho ya kujikimu huhesabiwa kando.

Hapa hakuna mthamini wala thamani ya nyumba. Kinachoangaliwa ni mshahara na sababu ya uhamisho. Mtumishi aliyeomba kuhama kwa matakwa yake mwenyewe, kwa mfano kumfuata mwenzi wake, hujigharimia. Kwa sheria, mtu hawezi kulipwa kwa usumbufu alioutaka mwenyewe.

Barua ya uhamisho, kwa hiyo, ndiyo ushahidi mkuu. Maneno "kwa maombi yako" au "kwa manufaa ya umma" yaliyomo ndani yake yanaweza kuamua kama mtumishi analipwa au la. Anayeona maneno yasiyo sahihi anapaswa kuyahoji kabla ya kusafiri, kwa kuwa akishafika kituo kipya kuyabadili huwa kugumu.

Tembo katika shamba

Kwa wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, hasa katika wilaya za Busega, Bariadi, Itilima na Meatu, usumbufu mkubwa huingia usiku kwa miguu minne. Kundi la tembo linaweza kumaliza ekari kadhaa za mahindi kabla ya mapambazuko.

Kwa maoni ya mkulima, hiyo ni hasara kama hasara ya kutwaliwa ardhi. Kwa sheria, sivyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2011 hazitumii neno fidia. Zinatumia maneno yanayofahamika kwa Kiswahili kama kifuta jasho, kwa aliyeharibiwa mazao au kuuliwa mifugo, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa.

Tofauti hiyo ya maneno imekusudiwa. Fidia ni malipo yanayolingana na hasara, na anayeyanyimwa anaweza kuyadai kama deni. Kifuta jasho ni mkono wa pole. Serikali inakiri kuwa mtu ameumia, lakini haikubali kwamba imemkosea wala kwamba inalazimika kumrudishia alichopoteza.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha Sh 1,000,000 kwa kifo. Kwa mazao, kiwango kilitegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na malipo hayakuzidi ekari tano hata kama yaliyoharibiwa yalikuwa zaidi. Aliyedhurika akiwa katika shughuli isiyo halali hakustahili kitu. Viwango hivyo vilifanyiwa marekebisho baadaye, lakini msingi wa malipo ulibaki uleule wa pole.

Mkulima anayewasilisha madai ya "fidia ya tembo" kwa hesabu ya magunia aliyotarajia kuvuna anaomba kitu ambacho kanuni hizo hazikukiweka. Anachoweza kufanya ni kutoa taarifa mapema kwa ofisa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori, ili uharibifu ukaguliwe kabla nyayo na mabua hayajapotea.

Huduma zinapokatika

Maana nyingine ya usumbufu iko katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hapo linalohojiwa ni kukatika kwa huduma, na kipimo chake si fedha wala kero, bali hatari.

Sheria hiyo inaiita huduma kuwa ya lazima pale kukatizwa kwake kunapohatarisha usalama au afya ya watu wote au sehemu yao. Inataja maji na usafi wa mazingira, umeme, afya na maabara zinazohusiana nayo, zimamoto, uongozaji wa ndege, na usafiri unaohitajika ili huduma hizo zitolewe.

Kwa kawaida wafanyakazi wa huduma hizo hawaruhusiwi kugoma. Migogoro yao hupelekwa kwenye usuluhishi na uamuzi. Muuguzi wa hospitali ya Bariadi na fundi wa pampu ya maji wako katika kundi hilo. Mchambua pamba wa kiwandani hayumo, ingawa kiwanda kikisimama katikati ya msimu maelfu ya wakulima huumia.

Ukali wa mpaka huo ulionekana mwaka 2012, nchi ilipokumbwa na mgomo wa madaktari, na baadaye mgomo wa walimu uliosimamishwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Elimu haimo katika orodha ya huduma za lazima, lakini mgomo wa walimu uliweza kuzuiwa kwa sababu nyingine, kwani sheria hutazama pia kama taratibu za kuitisha mgomo zimefuatwa.

Kwa upande wa mteja wa umeme au maji, kero yake haimfanyi awe na madai ya moja kwa moja mahakamani. Njia ya kawaida ni kuanza na mtoa huduma, kisha Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ambayo sheria yake ya mwaka 2001 iliunda pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo.

Amani, kelele na ujumbe wa simu

Katika sheria za jinai, usumbufu hubadilika tena. Kanuni ya Adhabu inasema mkusanyiko unakuwa si halali pale watu watatu au zaidi wanapokusanyika kwa nia ya kutenda kosa, au wanapojiendesha kwa namna inayowafanya watu wa jirani waogope, kwa sababu za msingi, kwamba watavunja amani.

Kipimo hapo ni hofu ya jirani, na lazima iwe hofu yenye msingi. Si lazima jiwe lirushwe. Kwa upande mwingine, kelele za kushangilia au idadi kubwa ya watu pekee hazitoshi. Mkutano wa hadhara wa chama cha siasa, ambao kwa sheria hutolewa taarifa kwa polisi saa 48 kabla, hauwi fujo kwa sababu tu umefunga barabara kwa muda. Ikumbukwe kuwa zuio la mikutano ya hadhara ya kisiasa lililodumu tangu mwaka 2016 liliondolewa Januari 2023.

Sheria hiyohiyo inakinza kuvuruga ibada na kuvuruga shughuli za mahakama. Katika yote mawili, kinacholindwa ni shughuli halali inayoendelea. Anayepiga kelele mahakamani wakati shauri likisikilizwa anaweza kuadhibiwa kwa kitendo ambacho sokoni kisingemshangaza mtu.

Kelele za kawaida, kama za baa, mashine za kusaga na spika za mahubiri, zina kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo hutumia vipimo vya sauti, na viwango hutofautiana kati ya makazi, maeneo ya biashara na viwanda, na kati ya mchana na usiku.

Kenya ilichukua njia pana zaidi. Kanuni zake za mwaka 2009 zinataka pia iangaliwe saa ya kelele, ukaribu wa makazi, kama inajirudia, na kama ingeweza kupunguzwa bila taabu kubwa. Kwa njia hiyo jirani asiye na kifaa cha kupimia sauti bado ana hoja.

Ngoma za mavuno za Bagika na Bagalu, ambazo Wasukuma wamezicheza kwa vizazi vingi, zinaonyesha umuhimu wa mazingira. Sauti ileile ni sherehe uwanjani mchana, na inaweza kuwa kero karibu na wodi ya wagonjwa usiku. Halmashauri za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo kuhusu mambo kama hayo, baada ya mkutano mkuu wa kijiji kushirikishwa na halmashauri ya wilaya kuridhia.

Kwa upande wa simu na intaneti, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaangalia nia. Kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumbughudhi au kumsababishia maumivu ya moyo ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyopungua Sh 5,000,000, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Kwa hiyo anayemdai mwenzake na kumkumbusha deni kwa ujumbe wa heshima hajatenda kosa, hata kama mdaiwa amekereka. Anayetuma matusi na vitisho usiku kucha yuko katika hatari, hata kama deni ni la kweli.

Mikataba ya pango na ya pamba

Usumbufu hutajwa pia katika mikataba ya watu binafsi. Sheria ya Ardhi inahesabu kuwa kila mkataba wa pango una ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti atakaa kwa amani bila kuingiliwa. Ahadi hiyo ipo hata kama haikuandikwa. Mfanyabiashara wa Bariadi anayekuta kufuli jipya mlangoni wakati kodi yake haijaisha anaweza kuisimamia.

Katika mikataba ya ununuzi wa mazao, jambo linaloleta utata ni kuvurugika kwa soko. Sheria ya Mikataba inasema mkataba hufa pale jambo lililoahidiwa linapokuwa haliwezekani kutendeka au linapokuwa haramu baada ya makubaliano. Kwa kanuni ya jumla, bei kushuka hakufanyi jambo lisiwezekane. Kunalifanya liwe la hasara tu.

Msimu wa pamba wa mwaka 2019 uliwakumbusha wakulima wa Simiyu umuhimu wa tofauti hiyo. Bei elekezi ilikuwa Sh 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, na wakulima wengi wakakaa miezi bila kulipwa pamba waliyokwisha kuipeleka kwenye vyama vyao vya ushirika. Soko lilikuwa limevurugika kweli. Lakini aliyekwisha kupokea mzigo kwa bei iliyokubaliwa haondolewi deni na mvurugiko wa soko.

Anayesaini mkataba anapaswa kusoma kipengele cha majanga yaliyo nje ya uwezo wa wahusika. Kama kimeorodhesha mafuriko, vita na magonjwa ya mlipuko pekee, hiyo ndiyo mipaka yake. Kama kimeongeza "mabadiliko ya soko", mkulima amebeba hatari ambayo sheria ya jumla isingembebesha.

Masharti ya wafadhili

Wakati mwingine mradi mmoja hutawaliwa na nyaraka mbili zenye maana mbili. Mradi wa maji wa Simiyu unaohimili mabadiliko ya tabianchi, ulioidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, ni mfano wa miradi inayobeba masharti ya kimataifa juu ya sheria za nchi.

Viwango vya Benki ya Dunia na vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ambavyo hutumika katika miradi mingi ya aina hiyo, hutenganisha kuhamishwa kwa makazi na kuhamishwa kiuchumi. Mtu anaweza kubaki katika nyumba yake lakini akapoteza njia ya mifugo, malisho au mahali pa kufanyia biashara. Kwa viwango hivyo naye ameathirika, hata kama hana hati, na lengo ni kurejesha uwezo wake wa kujipatia riziki.

Kwa hiyo mwananchi aliyeguswa na mradi wenye ufadhili wa nje ana haki ya kuuliza mambo mawili: sheria ya nchi inamlipa nini, na mpango wa uhamishaji uliokubaliwa na mfadhili unamwongezea nini. Miradi hiyo hutakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko, usio na gharama kwa mlalamikaji.

Kujua pa kuanzia

Nyaraka zote hizo zikitazamwa kwa pamoja, zinaonekana kupima usumbufu kwa njia nne. Sheria za ardhi na za utumishi hupima kwa fedha, na hazijali nia ya aliyesababisha. Sheria ya kazi hupima kwa hatari kwa maisha na afya. Kanuni za kelele hupima kwa kiwango na wakati. Sheria za jinai hupima kwa nia ya mtendaji au kwa hofu ya msingi ya waliomzunguka.

Kila kipimo kina ushahidi wake. Anayedai fidia ya ardhi anahitaji nakala ya fomu ya uthamini iliyosainiwa na tarehe ya kuidhinishwa kwake. Mtumishi anahitaji barua ya uhamisho. Aliyeharibiwa mazao anahitaji taarifa ya ukaguzi. Mpangaji anahitaji stakabadhi za kodi. Anayebughudhiwa kwa simu asifute ujumbe, kwani kuufuta ni kufuta ushahidi.

Aidha, anayenukuu namba ya kifungu cha sheria ahakikishe anatumia chapisho sahihi. Toleo la sheria zilizorekebishwa la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, na namba za vifungu vya zamani zinaweza zisilingane na za sasa. Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili upo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika ngazi ya jamii.

Swali la kwanza la kuuliza katika ofisi yoyote, kwa hiyo, ni dogo: usumbufu unaozungumzwa hapa ni wa sheria ipi? Jibu lake ndilo litakalomwonyesha mwananchi kama anachosubiri ni malipo, hukumu, mkono wa pole au radhi peke yake.